Gavana, stata na kioo

Sisi mafundi wa mashine za nafaka wa Kasekese, upande wa Mpanda, tunapenda kusema kwamba zamani mashine ilikuwa haijiongozi. Si kweli. Injini ya Lister iliyosaga mahindi ya wazazi wetu ilikuwa na gavana: vyuma vizito vinavyozunguka ndani yake. Mwendo ukizidi vinatanuka na kupunguza dizeli, ukishuka vinarudi na kuiongeza. Mtu akimwaga debe zima la mahindi kwa pupa, injini inaguna, kisha inajikaza yenyewe. Hakuna aliyeigusa.

Lister hiyo ya mwendo wa polepole ilianza kutengenezwa Dursley, Uingereza, karibu na mwaka 1930, na baadaye Wahindi wa Rajkot wakatoa nakala zake kwa wingi. Kuiwasha kulitaka watu wawili: mmoja apige hendeli, mwingine ashike kichuma cha kuinua vali, akiachie gurudumu likishashika kasi. Ukiachia mapema, hendeli inarudi na mkono wako.

Mitambo mikubwa ilikuwa imekwisha kusogea jirani. Mgodi wa risasi wa Uruwira ndio ulioivuta reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, ikafika mwaka 1950. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa, reli ikabaki kubeba abiria na mazao. Mpanda mjini wakaishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli. Vijijini umeme umekuja juzi, baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007.

Umeme ukaleta mota, na mota ikaleta stata. Hapa ndipo ninapopapenda, kwa sababu ndipo ufundi wangu ulipoanzia. Bonyeza kijani, koili ya kontakta, ile swichi ya sumaku iliyo ndani, inavuta, mota inazunguka. Ukiondoa kidole inaendelea, kwa sababu kontakta imejifungia njia yake yenyewe ya umeme. Bonyeza chekundu, njia inakatika. Mota ikizidiwa, ovalodi inakata. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, mashine haiondoki yenyewe mkono wa mtu ukiwa kwenye mkanda. Nani alifikiria hilo kwa mara ya kwanza sijui, ila namheshimu kuliko wabunifu wengi wenye sanamu.

Wenye viwanda vikubwa walikuwa na kontakta na relei za kujaza ukuta. Mwaka 1968 kitengo cha Hydra-Matic cha General Motors, Marekani, kilichoka kusuka nyaya upya kila modeli ya gari ilipobadilika, kikaomba kifaa cha kubadilishwa kwa programu. Kampuni ya Bedford Associates, alikokuwa mhandisi Dick Morley, ikaleta Modicon 084. Namba hiyo ilitokana na kuwa mradi wao wa 84. Programu yake ilichorwa kama ngazi: nguzo mbili za wima, katikati vipago vyenye swichi na koili. Ulikuwa uleule mchoro wa relei, ili fundi umeme ausome bila kurudi darasani. Kipago cha kwanza anachofundishwa mwanafunzi leo ni ile stata yangu ya kijani na chekundu.

Sasa mashine kamili za mpunga zinakuja na kabati lenye kidhibiti cha ukoo huo, na kioo cha kubonyeza mlangoni. Kinawasha kuanzia mwisho: kwanza mtambo wa kung'arisha, halafu wa kukoboa, mwisho lifti inayopandisha mpunga, ili mzigo usirundikane mahali palipolala. Kwenye mashine ya kugredi, kamera inaitazama kila punje na upepo unapuliza nyeusi pembeni. Kazi safi, sibishi.

Lakini kioo kimeandikwa Kichina, na ngazi iliyochorwa ili fundi aisome imefungwa kwa nywila. Sensa moja ikifa, kabati linagoma lote, mwenye mashine anapiga simu ng'ambo wakati msimu unapita. Lister haikumficha mtu kitu. Ulifungua kifuniko, ukaona.

Kwa hiyo mfanyabiashara akinishirikisha kabla hajalipa, namwambia adai nywila, nakala ya programu na waya wa kuunganishia kompyuta, viandikwe kwenye risiti. Wauzaji wengine hutoa bila neno. Anayekataa, namshauri mteja anunue ile ya vitufe.