Unahepa Mtaa na Uko na Kuku? Hivi Ndivyo Utapanga Nani Atabaki Nao

Hii risto unaijua. Ni Disemba, nauli ishapanda, mathe amepiga simu mara tatu akiuliza utafika ushago lini. Nguo ziko kwa begi, siti ya basi umelipa. Halafu unasikia sauti huko nyuma ya keja na unakumbuka: ah, kuku! Wako watano, umewalea tangu wakiwa vifaranga, na mmoja hata ulishampa jina. Nani atabaki nao?

Hapa ndipo wasee wengi huchoma. Unapita kwa jirani na begi mgongoni, unamwambia, "Niangalilie hao kuku," halafu huyoo. Jirani anasema sawa, lakini hajaonyeshwa dishi iko wapi, hajui banda linafungwa aje, na akikupigia uko mteja. Unarudi Januari unapata banda kimya. Huwezi jua kama ni paka, mwizi ama ugonjwa, na urafiki wa miaka umeisha juu ya kuku. Hiyo ngori unaweza kuiepuka ukianza kupanga kama wiki tatu kabla ya safari.

Unaenda siku ngapi?

Kama ni usiku mmoja tu, kuku wakubwa wanaweza kukaa peke yao bora banda limefungwa fiti na maji na dishi viko vya kutosha. Zaidi ya hapo, lazima kuwe na mtu wa kuwapitia mara mbili kwa siku: asubuhi kuwafungulia na jioni kuwafungia. Usidanganyike eti umewawekea dishi ya wiki nzima. Maji humwagika, panya huja, na mash ikilowa inaota kuvu. Dishi yenye kuvu inaweza kuua kuku.

Vifaranga ni kesi tofauti. Wadogo wanahitaji joto usiku na mchana, kwa hivyo usiwaache na mtu ambaye hajawahi kulea. Pia kama una kuku anataka kuatamia, piga hesabu kwanza. Mayai huanguliwa baada ya siku 21. Ukimwekea mayai leo na unasafiri baada ya wiki mbili, vifaranga watatoka ukiwa ushago na jirani yako ndiye atapata hiyo kazi.

Nani anafaa?

Jirani anayeishi hapo hapo anamshinda beste mwaminifu anayekaa mbali. Mtu wa kupanda mathree mbili ndio afike atakuja siku tatu za kwanza, ya nne ataanza kukupea stori. Angalia soja wa ploti, caretaker, mama wa kibanda, ama kijana wa mtaa ambaye hasafiri. Muulize maswali mawili: amewahi kufuga? Na Krismasi yenyewe atakuwa wapi? Hilo la pili ndilo watu husahau.

Kama jirani ana kuku wake, mwambie aanze na wako halafu amalizie na wake, na anawe mikono na kubadilisha viatu katikati. Ugonjwa husafiri kwa viatu na ndoo pia.

Njia nyingine ni kuwapeleka kwa mkulima ama ndugu mwenye boma. Inasaidia, lakini kuku huchukia kuhamishwa. Wanaweza kuacha kutaga kwa muda, na wakichanganywa na kuku wageni watapigana na kuambukizana. Ukienda njia hii, omba wapewe chumba chao.

Chanjo kabla ya safari

Newcastle, ule ugonjwa wengine huuita kideri, ndio unaofagia banda zima. Kuku anapumua kwa shida, anahara kijani, shingo inapinda. Hauna tiba, kinga ni chanjo pekee, na kinga yenyewe huchukua siku kadhaa kujijenga. Kwa hivyo usingoje mkesha wa safari. Wachanje angalau wiki mbili kabla. Uliza agrovet aina gani inafaa kuku wako na inarudiwa lini, maana nyingi hurudiwa baada ya miezi kadhaa. Na usichanje kuku ambaye tayari ni mgonjwa.

Hesabu ya dishi na maji

Kuku mkubwa hula kama gramu 120 kwa siku. Watano ni gramu 600, na kwa siku 14 hiyo ni kilo 8.4. Nunua kilo 10 ubaki na akiba. Pima gramu 600 mara moja kwa mizani ya duka, mimina kwa mkebe, chora alama kwa kalamu. Sasa mtu wako hana haja ya kukisia, anajaza hadi alama, basi. Weka dishi kwa ndoo yenye kifuniko panya wasifikie.

Maji, kuku mmoja hunywa kama robo lita kwa siku, na jua likiwaka inaweza kufika nusu lita. Watano wawekewe lita 2 na nusu safi kila asubuhi, na chombo kioshwe. Kuku akikosa maji hata siku moja, mayai yanaweza kupungua kwa siku nyingi.

Mabaki ya jikoni yako sawa kidogo: ugali, sukuma, kabeji. Mkataze maharagwe mabichi, ganda la avocado, maganda ya viazi yaliyogeuka kijani, na chochote chenye chumvi nyingi ama kimeoza.

Pesa na mayai mwongee mapema

Hata kama ni beste, usimtumie bure. Elewaneni kiasi kwa siku, mtumie nusu kabla ya kuondoka na nusu ukirudi. Weka kando pesa kidogo ya dharura, ya agrovet ama boda, na umwambie ni ya nini.

Halafu mayai. Leyazi mzuri hutaga kama mayai matano kwa wiki, kwa hivyo watano kwa wiki mbili wanaweza kukupa 50. Kienyeji hawafikishi hapo. Mkisema "mayai ni yako," sema hivyo mbele, isije ikawa beef ukirudi. Mwambie pia ayaokote kila siku. Yakikaa, kuku huanza kuyavunja na kuyala, na hiyo tabia ikishaingia ni ngumu kuitoa. Kama kuku wako kwa dawa, mayai hayaliwi hadi siku zilizoandikwa kwa pakiti ziishe. Usimwachie mtu zawadi ya mayai yenye dawa.

Andika, usiseme tu

Siku mbili kabla ya safari, mwite afanye kazi yote wewe ukiwa umesimama kando. Hapo ndipo utajua kama komeo linamsumbua. Kisha mtumie meseji kama hii:

"Kuku ni 5: wekundu 3, mweusi 1, wa madoa 1. Saa moja asubuhi: fungua, osha chombo cha maji, weka dishi hadi alama. Saa nane: cheki maji, okota mayai. Saa moja kasorobo jioni: hesabu 5, funga komeo na kufuli. Ukiona ameinama, hali, anahara ama anakohoa, mtenge na unipigie hapo hapo. Nisipopatikana piga hii namba ya pili."

Hiyo ya jioni ndiyo ya maana zaidi. Giza likianza, kuku huingia banda wenyewe, kazi ya mtu ni kuhesabu na kufunga. Usiku mmoja wa kusahau unatosha paka ama mwizi wa sikukuu. Omba picha moja kila jioni. Si kumshuku, ni kumlinda pia, maana kukitokea kitu kila mtu anajua ni siku gani.

Kuku akifa

Ongeeni hili kabla halijatokea. Aliyekufa mwenyewe haliwi, hauzwi na hatupwi kwa taka ya mtaa. Achimbiwe shimo refu mbali na maji ama achomwe, na aliyemshika anawe mikono na sabuni. Wakifa wawili kwa siku moja, apigiwe daktari wa mifugo. Na mwambie mtu wako mapema kwamba kuku anaweza kufa bila kosa la mtu. Anayeogopa kulaumiwa hukuficha, na ukifichwa siku ya kwanza unaweza kuwapoteza wote kufikia ya nne.

Ukirudi

Usitue begi ukalale. Hesabu kuku, cheki mavi, uzito na dishi iliyobaki. Kama umebeba jogoo wa ushago, mtenge wiki mbili hadi nne kabla hajaungana na wengine. Halafu mlipe mtu wako ile nusu siku hiyo hiyo, na ukiweza ongeza kitu kidogo. Pasaka iko karibu kuliko unavyodhani, na utamhitaji tena.