Tarehe ya Wali na Safura katika Bonde la Kilombero

Katika bonde la Kilombero, ambako mto hufurika wakati wa masika na kuacha tope linalostawisha mpunga, watu wa Namawala na vijiji vinginevyo vya Ifakara wamezoea tangu zama kuipata riziki yao majini: wali kutoka majarubani, na kambale na perege ambao Wandamba, mabingwa wa mitumbwi, huwavua na kuwabanika kwa moshi. Ulipofika msimu wa kulinda mpunga, ahali nzima ilihamia shambani, ikalala katika dungu lililoinuliwa juu ya nguzo, mchana ikifukuza ndege na usiku ikifukuza nguruwe.

Kazi ya mmeng'enyo ilianza kinuni, kabla ya kinywani. Kwani mama alipoutwanga mpunga, akaupeta kwa ungo na kuchambua chuya moja moja, alikuwa akiondoa ganda ambalo utumbo wa binadamu hauna uwezo wa kuliyeyusha, kisha moto na maji vikalainisha wanga. Mate nayo huanza kuugeuza wanga huo kuwa sukari, ndiyo sababu wali uliotafunwa kwa subira huonekana mtamu. Tonge likishashuka katika umio, tumbo hulipondaponda kwa saa kadhaa katika asidi yake, na uji unaopatikana hupitishwa kidogo kidogo katika utumbo mwembamba, wenye urefu wa takriban meta 6, ambamo nyongo ya ini na maji ya kongosho hukamilisha kazi, na virutubishi hupenya kuingia damuni. Yaliyosalia hufika utumbo mpana, nao hufyonza maji na kuyatoa mabaki.

Ni mabaki hayo yaliyozua balaa. Maadamu aghalabu penye dungu hapakuwa na choo, mkulima alijisitiri kichakani. Na katika udongo wenye joto, unyevu na kivuli, mayai ya minyoo ya safura yaliangua mabuu yanayongoja miguu mitupu. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Cairo, mtaalamu wa Kijerumani Arthur Looss alimwagikiwa na maji yenye mabuu hayo mkononi, ngozi ikamwasha, na kwa ajali ile akatambua kwamba mnyoo huyu huingia kwa kupenya ngozi. Akiisha kuingia, husafiri kwa damu hadi mapafuni, hupanda koromeo, humezwa, kisha huifuata njia ile ile ya wali mpaka utumbo mwembamba, huko akang'ata na kunyonya damu. Hivyo mtu aliweza kuvuna magunia na kula akashiba, naye akabaki mweupe wa viganja na taabani wa pumzi.

Mwaka 1957 mwanasayansi Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha maabara ya utafiti Ifakara. Na katika miaka ya 1980 watafiti walichunguza minyoo, malaria na lishe ya watoto katika kijiji cha Kikwawila, bondeni humo. Kabla ya hapo, mwaka 1973, kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ilikwisha kuwahimiza wananchi kuchimba vyoo. Kampeni hiyo ililenga penyewe: kidonge huwatoa minyoo waliomo, lakini hakiwazuii wanaongoja shambani, na mkulima anayerudi pekupeku kwenye udongo ule ule huambukizwa tena. Kwa hiyo shibe ya bonde hili haitimizwi na wingi wa mavuno peke yake. Sharti njia ya chakula ilindwe mwisho wake kama inavyolindwa mwanzo wake, na choo kihesabiwe miongoni mwa zana za kilimo, sawa na jembe na mundu.