Mawe, Familia na Deni: Athi River Mining katika Soko la Saruji la Afrika Mashariki, 1974–2020

Historia ya saruji katika Afrika Mashariki imezoeleka kusimuliwa kama historia ya serikali na ya makampuni makubwa ya kigeni. Kwa sehemu kubwa simulizi hiyo ni ya kweli. Bamburi, nje kidogo ya Mombasa, ilianzishwa mwaka 1951 na Felix Mandl kwa mtaji wa Ulaya. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza kazi mwaka 1966, na kile cha Bugarama nchini Rwanda kikafuata mwaka 1984 kwa mkono wa serikali. Tanuri la saruji linadai fedha nyingi kabla ya kutoa mfuko wa kwanza, na kwa miaka mingi wenye fedha za kiasi hicho walikuwa ama hazina za serikali ama wawekezaji wa ng'ambo.

Athi River Mining haiingii kwa urahisi katika simulizi hiyo. Ilianzishwa Kenya mwaka 1974 na Harjinder Paunrana kama kampuni ya kuchimba na kusaga madini ya viwandani, ikakua chini ya mwanawe, Pradeep Paunrana, hadi kuwa na viwanda katika nchi tatu, kisha mwaka 2018 ikawekwa chini ya wasimamizi kwa shinikizo la wadai. Maelezo yaliyotawala baada ya kuanguka kwake yalikuwa mepesi: kampuni ya kifamilia ilijitanua kupita uwezo wake. Makala haya yanapendekeza tafsiri tofauti kidogo. Familia ilikua kwa sababu ilielewa mawe kuliko washindani wake wengi. Na ilianguka kwa sababu ya njia iliyochagua ya kuyalipia mawe hayo, yaani mikopo badala ya hisa, ili usukani usiiponyoke.

Kutoka madini hadi saruji

Miongo miwili ya kwanza ya kampuni haikuwa na saruji ndani yake. Ilichimba na kusindika madini yanayohitajiwa na viwanda vingine, chokaa ikiwa mojawapo. Biashara ya aina hiyo haivutii macho, lakini ina faida moja ambayo mara nyingi husahauliwa na wanaoandika historia ya viwanda: humfundisha mwenye nayo kujua miamba iko wapi, ina ubora gani, nani ana leseni ya kuichimba na barabara ipi inafika machimboni. Ujuzi huo haukopwi benki.

Umuhimu wake unaonekana ukitazamwa utengenezaji wenyewe. Saruji hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo mfinyanzi katika tanuri lenye joto la takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi, hadi yatoke madonge magumu yaitwayo klinka. Kisha klinka husagwa pamoja na jasi kidogo, na mara nyingi pozolana ya asili ya volkano. Tani moja ya klinka hula takriban tani moja na nusu ya mawe ya chokaa. Kwa hiyo tanuri hujengwa karibu na mawe, ilhali kinu cha kusagia hujengwa karibu na wanunuzi. Anayemiliki kinu bila tanuri hulazimika kununua klinka, na mara nyingi anayemuuzia ndiye anayeshindana naye sokoni. Mfanyabiashara wa namna hiyo yumo katika biashara ya saruji kwa hisani ya mwingine.

Athi River Mining iliingia katika saruji katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, kwa kiwango kidogo, na mwaka 1997 ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Chapa yake ya Rhino ilikutana sokoni na Bamburi na East African Portland, makampuni yaliyoitangulia kwa miongo kadhaa. Hatua iliyofuata ndiyo inayoonyesha fikra za familia: badala ya kuongeza vinu tu, kampuni ilitafuta tanuri lake, ikajenga kiwanda cha klinka Kaloleni, katika eneo la Kilifi lenye utajiri wa chokaa. Mbolea za Mavuno na bidhaa nyingine za madini ziliendelea kuwepo pembeni, lakini kitovu kilikuwa kimehama. Mwaka 2012 jina nalo likahama: kampuni ikawa ARM Cement.

Ingefaa kukumbukwa kwamba kuorodheshwa hakukuigeuza kampuni kuwa ya umma kwa maana kamili. Familia na kampuni yake ya uwekezaji zilibaki na karibu nusu ya hisa, na uongozi wa kila siku ulibaki mikononi mwa Pradeep Paunrana. Katika miaka ya ujenzi mpangilio huo ulikuwa nguvu halisi. Uamuzi wa kununua ardhi yenye mawe, ambao katika shirika la umma ungepita wizara mbili na kamati tatu, uliweza kufanywa na watu wachache walioijua biashara kwa undani.

Maweni

Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulipoanza kazi mwaka 2005, mpaka wa kisiasa ulipungua uzito kuliko mpaka wa kijiografia, yaani gharama ya kusafirisha bidhaa nzito yenye bei ndogo. ARM ilifuata mantiki hiyo. Ilijenga kinu cha kusaga Kigali, ambako saruji ya pwani hufika ikiwa imebeba nauli kubwa, na kingine Dar es Salaam. Mradi mkubwa kuliko yote ukawa Tanga, kupitia kampuni tanzu ya Maweni Limestone. Jina hilo, lenye maana ya mahali penye mawe, lilikuwa tangazo la kutosha. Tanuri la Tanga, lililokusudiwa kuzalisha tani milioni 1.2 za klinka kwa mwaka, lingevilisha vinu vya kampuni pande zote mbili za mpaka.

Kwa hesabu za kiufundi, mradi ulikuwa mzuri. Ulikuwa na mawe, bandari jirani, na soko lililokuwa likikua. Udhaifu ulikuwa katika fedha. Familia ingeweza kuuza hisa mpya kwa wingi mapema, wakati bei ilipokuwa juu, na kukubali sehemu yake ipungue. Ujenzi ulibebwa zaidi na mikopo, sehemu kubwa yake ikiwa ya dola, ilhali saruji iliuzwa kwa shilingi. Deni lilihifadhi umiliki. Hilo ndilo lililolifanya lipendeze.

Kisha mambo matatu yakaja kwa kufuatana. Shilingi ya Tanzania, iliyokuwa chini ya 1,800 kwa dola mwanzoni mwa 2015, ilivuka 2,100 kabla ya mwaka kwisha, na ARM ikatangaza hasara iliyochangiwa kwa kiasi kikubwa na tofauti ya ubadilishaji fedha. Mwishoni mwa mwaka huohuo Dangote alifungua Mtwara kiwanda chenye uwezo wa tani milioni 3, na bei za saruji nchini Tanzania zikashuka. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilizuia uingizaji wa makaa ya mawe kutoka nje. Kwa tanuri lililoko Tanga, makaa ya Ruvuma yalimaanisha safari ya barabara ya zaidi ya kilomita 1,000.

Hakuna hata moja kati ya haya lililosababishwa na familia kuwa familia. Shirika lolote lenye deni la dola na mapato ya shilingi lingeumia. Tofauti ni kwamba shirika lililokwisha kugawa hisa zake lingekuwa na mto wa kuegemea. Mwaka 2016 CDC, taasisi ya serikali ya Uingereza ya uwekezaji wa maendeleo, iliingiza dola milioni 140 na kupata zaidi ya asilimia 40 ya kampuni. Usukani ambao deni lilikusudiwa kuulinda ukawa umegawanywa hata hivyo, tena kwa bei ya wakati wa dhiki. Fedha hizo zilikwenda zaidi kulipa madeni ya zamani kuliko kuendesha viwanda. Aidha, ukweli huu unadhoofisha dai kwamba tatizo lingekwisha kwa kuleta mwekezaji wa kitaasisi mezani. Mwekezaji aliletwa, hasara za 2016 na 2017 zilifuata papo hapo.

Mgawanyo

Agosti 2018 wadai waliiweka ARM chini ya wasimamizi kwa mujibu wa Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015, sheria ambayo ilikuwa bado changa na iliyolenga kuokoa biashara kabla ya kuivunja. Biashara ya hisa ilisimamishwa zikiwa na bei ya shilingi 5.55. Uokoaji wa kampuni nzima ulishindikana, na kilichofuata kilikuwa uuzaji wa vipande. Mwaka 2019 mali za Kenya zilinunuliwa na National Cement kwa takriban shilingi bilioni 5. National Cement ni tawi la kundi la Devki la Narendra Raval, aliyeanza na duka la vifaa vya ujenzi Gikomba katika miaka ya 1980. Kampuni moja ya kifamilia ilimezwa na nyingine. Maweni nayo ilikwenda kwa Huaxin ya China mwaka 2020, kwa zaidi ya dola milioni 100. Kipande kilichoizamisha kampuni ndicho kilichopata bei kubwa zaidi, na kwa mtazamo wa makala haya huo ni ushahidi kwamba mawe yalichaguliwa vizuri.

Wadai wenye dhamana walitangulia kulipwa. Nyuma yao walisimama wasafirishaji, watoa huduma na wauzaji wa vipuri wasio na dhamana yoyote, na nyuma kabisa wenye hisa wadogo walionunua Rhino katika soko la Nairobi wakiamini wananunua ukuaji wa Afrika Mashariki. Wa mwisho hao hawakuwa na cha kutarajia.

Washauri wa sera wana jambo la kutazama hapa ambalo halikupewa uzito katika mijadala ya wakati ule. Kampuni ilijengwa kwa mantiki ya soko moja: tanuri Tanga, vinu Dar es Salaam, Athi River na Kigali, klinka ikivuka mipaka. Ufilisi wake ulisimamiwa kwa sheria ya nchi moja. Jumuiya ina ushuru wa pamoja wa forodha lakini haina utaratibu wa pamoja wa ufilisi, hivyo wasimamizi walioteuliwa Nairobi waliifikia Maweni kama wamiliki wa hisa zake tu, na mfumo ambao thamani yake ilitokana na kuunganika uliuzwa viungo vikiwa vimetenganishwa. Mnunuzi wa Kenya alipata vinu pamoja na tanuri la Kaloleni, na mnunuzi wa Tanga akapata klinka.

Mwishoni mwa 2024 Amsons, kundi la kifamilia la Tanzania, lilivuka mpaka kuelekea kaskazini na kuichukua Bamburi yenyewe, kwa takriban dola milioni 180. Pengo la sheria lililokuwepo Agosti 2018 lilikuwa bado halijazibwa.