Mkataba Uliokufa Februari

Maji ya Chai iko kwenye barabara kuu ya Moshi. Mgeni mkubwa akishuka KIA kwenda Arusha mjini lazima atupite. Ndiyo maana wazee wa kwetu mazungumzo ya Rwanda huyasimulia kwa magari: misafara, vibendera, trafiki akisimamisha vifodi pembeni. Ukiwauliza mambo yaliharibikaje, jibu ni moja: ndege. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana, akitokea Dar es Salaam, ilitunguliwa Kigali, na amani ya Arusha ikafa nayo.

Mimi nabisha. Nilizaliwa baada ya hayo yote, lakini kubisha hakuna umri. Naona ndege ilimkuta mgonjwa ameshakata roho tangu Februari 1993.

Vita yenyewe ilianza tarehe 1 Oktoba 1990, RPF ilipovuka mpaka kutoka Uganda. Hawa hawakutaka kumega kipande cha nchi, kama Moïse Tshombe alivyotaka na Katanga mwaka 1960. Wengi walikuwa watoto wa Watutsi waliokimbia tangu 1959. Walitaka kurudi kwao, na madaraka pia, tusidanganyane. Mapigano yalisimamishwa kwa karatasi pale N'Sele, Zaire, Machi 1991. Yakaanza tena. Karatasi ikarekebishwa Gbadolite mwezi Septemba, ikawa yale yale. Ya tatu ndiyo yetu: Arusha, 12 Julai 1992.

Hii ya kwetu angalau iliwekewa walinzi: waangalizi 50 wa OAU. Hamsini, bwana, kwa nchi ile ya milima! Hata hivyo bunduki zilitulia kiasi, na wajumbe wakakaa pale AICC kuzungumza. Upande wa serikali aliongoza Boniface Ngulinzira, waziri wa mambo ya nje aliyetoka chama cha upinzani. Upande wa RPF, Pasteur Bizimungu. Na balozi wetu Ami Mpungwe katikati kama msuluhishi. Kasoro ilikuwa hapo hapo mezani. Ngulinzira aliahidi kwa niaba ya rais ambaye hakuzitaka ahadi zake. Novemba 1992, akihutubia Ruhengeri, Habyarimana aliyaita makubaliano ya Arusha karatasi tu. Sasa mjumbe wa mtu kama huyo unamwamini vipi?

Tarehe 9 Januari 1993 walitia saini namna ya kugawana serikali. Mwezi haujaisha, kaskazini magharibi ya Rwanda, Gisenyi na Ruhengeri, watu wapatao 300 wakauawa, Watutsi na wapinzani wa serikali. Tarehe 8 Februari RPF ikashambulia, ikisema inazuia mauaji. Ndani ya wiki chache ilikuwa kama kilometa 30 kutoka Kigali, na raia karibu milioni moja walikuwa njiani na magodoro kichwani, wengine wakikimbia kwa mara ya pili au ya tatu.

Hapo ndipo ninaposema mkataba ulikufa. Machi wakakutana Dar es Salaam, mapigano yakasimama, RPF ikarudi ilipokuwa mwanzo. Mstari ukawa pale pale kwenye ramani. Lakini mtu uliyemwona juzi akikimbilia silaha, leo utamkabidhi nusu ya jeshi? Maana ndicho walichokubaliana: jeshi jipya la watu 19,000, pamoja na jandarma, RPF itoe asilimia 40 ya askari na nusu ya makamanda. Naamini bila Februari wasingefika hesabu hiyo, na kwa sababu ya Februari hakuna kamanda wa Kigali aliyekusudia kuitimiza. Vyama vya upinzani navyo vikaanza kupasuka. Aliyesema tuelewane na RPF akaitwa msaliti.

Nisieleweke vibaya. Mauaji ya kimbari yalipangwa na watu kwa akili zao timamu. Mkataba haukuyaleta, na vita ya Februari haiwapunguzii hata chembe ya lawama.

Saini ya mwisho iliwekwa Arusha, 4 Agosti 1993: Habyarimana na Alexis Kanyarengwe wa RPF, Rais Mwinyi akiwapo. Serikali ya mpito ilitakiwa ndani ya siku 37. Siku 37 zikapita, na Umoja wa Mataifa ulipitisha uamuzi wa kupeleka askari tarehe 5 Oktoba. Wiki mbili baadaye, jirani Burundi, wanajeshi wakamuua Rais Melchior Ndadaye, na Kigali waliokuwa wakitafuta sababu wakaipata. Serikali ile kamili haikuundwa kamwe.

Katika ujumbe wa serikali pale AICC alikuwamo kanali mmoja, Théoneste Bagosora. Alirudi Arusha Januari 1997, safari hii kama mtuhumiwa, na Mahakama ya Rwanda ilikaa katika jengo lile lile la AICC. Mwaka 2008 alipewa kifungo cha maisha. Rufaa ya 2011 ikakifanya miaka 35. Ngulinzira, aliyekuwa akizungumza kwa imani, hakufika mbele ya mtu yeyote. Alikuwa amejihifadhi kwenye shule moja mjini Kigali pamoja na watu wapatao elfu mbili, chini ya askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili 1994 askari hao walipanda magari yao wakaondoka, naye akauawa siku hiyo hiyo.