Barabara ya Thika na Waendao kwa Miguu

Reli ilifika Thika mwaka 1913. Lakini, msomaji, kilichoharakisha kukua kwa Ruiru iliyo njiani ni barabara kuu, iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 9 Novemba 2012. Waliokimbia kodi za Nairobi waliifuata lami. Hesabu ya mwaka 2009 ilikuta Ruiru watu 238,858. Ya mwaka 2019, watu 490,120. Palipokuwa na mibuni pakaota nyumba za ghorofa.

Motokaa zilipata njia pana. Na waendao kwa miguu je? Madaraja yao yalichelewa, wakagongwa wengi wakivuka. Hata leo, mchovu aonaye mzunguko wa daraja ni mrefu hukatiza chini. Usimwite mjinga upesi. Hesabu kwanza hatua kutoka mlangoni pake hadi darajani, ukawapelekee hesabu hiyo wapangao mji.