Waliouliza gesi ya friji huishia wapi

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 viwanda viliisifu sana klorofluorokaboni. Haikushika moto, haikunuka, haikula chuma. Ilizunguka ndani ya friji na kusukuma manukato na dawa za nywele kutoka kwenye makopo ya kupulizia. Wenye viwanda waliipenda kwa sababu haikuungana na kitu. Sherwood Rowland, mkuu wa kwanza wa idara ya kemia katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, aliitazama sifa hiyohiyo akaingiwa na swali: kama haiungani na kitu, basi huishia wapi?

Rowland hakuwa mtaalamu wa anga; fani yake ilikuwa kemia ya mionzi. Swali lilimjia mwaka 1972, alipopata habari za vipimo vya Mwingereza James Lovelock, aliyekuwa akiikuta gesi hiyo hata katika hewa iliyo mbali na kiwanda chochote. Mwaka uliofuata alijiunga naye kijana wa Mexico, Mario Molina, aliyetoka kumaliza shahada ya uzamivu Berkeley. Rowland alimwekea mezani mada kadhaa, naye akachagua hiyo.

Kazi ilikuwa ya kufuatilia njia moja baada ya nyingine. Mvua haiioshi gesi hii kutoka hewani. Huku chini jua haliivunji, kwa sababu mionzi mikali ya urujuanimno huzuiwa na tabaka la ozoni. Inabaki njia moja tu: kupanda, pole pole, mpaka ndani ya tabaka lenyewe na kulipita. Huko mionzi huipasua na kuitoa klorini. Klorini humnyang'anya ozoni oksijeni, kisha hujinasua na kumrudia mwingine. Atomu moja huweza kuharibu molekuli zipatazo 100,000. Walipomaliza hesabu, Rowland alimwambia mkewe kwamba kazi inakwenda vizuri, ila inaonekana kama mwisho wa dunia.

Makala yao ilitoka katika jarida la Nature tarehe 28 Juni 1974. Baada ya hapo Rowland alipata miaka ya upweke. Viwanda viliipinga hoja kwa nguvu, na mialiko ya kuhutubia katika idara za kemia ikapungua. Naamini ujasiri wake mkubwa ulikuwa hapa zaidi ya kwenye hesabu: aliendelea kusema mbele ya wabunge na waandishi kwamba mwanasayansi aliyeona hatari hana haki ya kukaa kimya. Mwaka 1978 Marekani ilipiga marufuku gesi hiyo katika makopo mengi ya kupulizia. Friji ziliendelea.

Mwaka 1985 Waingereza watatu, Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walitangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika ilikuwa ikipungua vibaya kila Oktoba. Pengo hilo hata Irvine hawakuwa wamelitabiri. Hesabu zao zilionyesha upungufu wa taratibu. Hazikuwa zimezingatia mawingu ya barafu ya ncha ya kusini, yaliyokuwa yakiichochea klorini. Miaka miwili baadaye Itifaki ya Montreal, mkataba wa nchi wa kupunguza gesi zinazoharibu ozoni, ikasainiwa, na sekretarieti yake iko Nairobi mpaka leo. Mwaka 2016, mjini Kigali, nchi wanachama zilikubaliana kupunguza pia gesi mbadala za friji, ambazo haziidhuru ozoni lakini hupasha dunia joto.

Rowland na Molina walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1995, pamoja na Paul Crutzen. Habari nyingi huishia hapo, na huo ni upungufu, kwa maana kundi la Irvine lilikuwa na kazi nyingine ya kimya kimya. Tangu mwaka 1978 Rowland na Donald Blake, wakati huo mwanafunzi wake, walikuwa wakikusanya hewa. Chombo chao ni kopo la chuma cha pua lililonyonywa hewa yote. Mtu husimama mahali, hufungua valvu, hewa huingia kwa kasi, hufunga, kopo hurudishwa maabara. Walifanya hivyo kila baada ya miezi mitatu, kutoka Alaska hadi New Zealand, na kwa makopo hayo walionyesha kwamba methani ilikuwa ikiongezeka kwa takriban asilimia moja kwa mwaka.

Kisha wakayapeleka Mexico City, jiji lililokuwa likikohoa. Wengi waliyalaumu magari, na magari yalikuwa na hatia kweli. Lakini makopo yalirudi yakiwa na propani na butani kwa wingi usiotarajiwa: gesi ya mitungi, ile ya kupikia na kuchemshia maji, ikivuja kabla ya kuungua na kuchangia ozoni ya huku chini, ambayo huumiza mapafu. Matokeo hayo waliyachapisha mwaka huohuo wa 1995. Kwa Dar es Salaam na Nairobi, ambako mitungi inaingia jikoni kuchukua nafasi ya mkaa, na ni heri iingie, ushauri wao unastahili kusomwa na kila msambazaji: zibeni uvujaji, na punguzeni katika gesi viambato vinavyochangamka upesi juani.