Marekani: Bunduki katika nyumba anamoishi aliyetiwa hatiani

MTU aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai nchini Marekani haruhusiwi kumiliki silaha ya moto wala risasi. Hata hivyo, marufuku hiyo haimnyang'anyi haki hiyo mke, mzazi au ndugu anayeishi naye nyumba moja. Ugumu huanza pale bunduki ya mmoja inapokuwa karibu na mkono wa mwingine.

Msingi wa marufuku hiyo ni Sheria ya Kudhibiti Silaha ya mwaka 1968. Inamhusu yeyote aliyetiwa hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake inaweza kuzidi mwaka mmoja jela. Kinachotazamwa ni adhabu inayoruhusiwa na sheria, si ile aliyopewa mshtakiwa. Hivyo hata aliyehukumiwa kifungo cha nje anaweza kukumbwa nayo. Makosa madogo ya majimbo, yenye adhabu isiyozidi miaka miwili, hayahesabiwi.

Mahakama hutambua umiliki wa aina mbili. Wa kwanza ni kuishika silaha au kuibeba mwilini. Wa pili ni pale silaha inapokuwa mbali na mhusika, lakini akawa na uwezo na nia ya kuitawala. Mahakama ya Juu iliufafanua umiliki huo wa pili mwaka 2015 katika kesi ya Henderson.

Kwa hiyo kuishi pamoja peke yake si kosa. Lakini bastola iliyoachwa katika droo ya chumba wanacholala wote wawili huwapa waendesha mashtaka hoja nzito. Kinga inayotumika zaidi ni sefu iliyofungwa, ambayo funguo au namba zake za siri anazo mwenye silaha tu. Risasi nazo huhifadhiwa vivyo hivyo.

Baadhi ya majimbo yamekwenda mbali zaidi. California na New York zinamlazimu mwenye bunduki anayeishi na mtu wa aina hiyo kuifungia au kuiwekea kufuli, isipokuwa anapokuwa nayo mwenyewe. Texas, kwa upande wake, humruhusu aliyetumikia adhabu kuwa na silaha nyumbani kwake baada ya miaka mitano. Hata hivyo, ruhusa hiyo haimkingi dhidi ya mashtaka ya serikali ya shirikisho.

Adhabu ya juu kabisa ilipandishwa mwaka 2022 kutoka miaka 10 hadi 15 jela. Mwenye hatia tatu za awali za ukatili au za dawa za kulevya za uzito mkubwa hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 15. Mwenye silaha naye hayuko salama: kumpa bunduki mtu anayejua kuwa amezuiwa ni kosa lenye kikomo hicho hicho cha miaka 15.

Hatari ni kubwa zaidi kwa aliyeachiwa kwa parole. Mwaka 2006, katika kesi iliyotoka California, Mahakama ya Juu iliruhusu mtu wa aina hiyo apekuliwe bila hati wala tuhuma. Masharti ya uangalizi pia yanaweza kukataza kabisa silaha ndani ya nyumba, hata kama ni mali ya mwingine. Ni busara kumwuliza ofisa msimamizi kwa maandishi kabla ya kuhamia.

Suala hili linawagusa pia wahamiaji kutoka Afrika Mashariki. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu anaweza kununua bunduki kihalali, lakini akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini.

Kwa familia isiyotaka kubahatisha, njia iliyo salama zaidi ni kuihifadhi silaha kwa ndugu anayeishi kwingine, na kupata ushauri wa wakili anayezifahamu sheria za jimbo husika.